MTI WA UANI NI WA NANI?

Hotuba ya mwenezi wa Chama mbele ya wanachama na wananchi wa Zagayu, Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Tumepunguza salamu na makofi. Mengine yote ni kama yalivyosemwa.



Najua wengi mlitaka nizungumze habari za pamba. Pamba tutaizungumza, na siku hiyo hamtanikuta nimejificha. Lakini leo nimesimama kwa ajili ya miti, tena si miti ya porini wala ya hifadhi, bali mti ule uliosimama uani kwako, unaoufungia ndama na kuwakalisha wageni kivulini mwake.

Sababu ni hii. Yapo maneno yanayozungumzwa humu kijijini kwamba sasa tutunge sheria ndogo: mtu yeyote asikate mti wowote, hata wa nyumbani kwake, bila kibali. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wameona nchi inavyokwisha. Na wapo wengine wanaosema: kaya ni yangu, mti ni wangu, panga ni langu, kibali cha nini? Hao nao si wabaya. Pande zote mbili wamo wanachama wetu, na nimesikia kwamba Jumapili iliyopita walikaribia kushikana mashati kilabuni. Basi nimeona afadhali tushikane hapa, mchana, watu wakiwa na akili zao.

Kabla sijasema la mtu mwingine, niseme la kwetu. Wengi wenu mnaifahamu kaya yetu. Palikuwa na mkwaju pale, upande wa zizi. Babu yangu hakuupanda, aliukuta. Baba yake babu naye, kwa maneno yao, aliukuta. Mwaka niliochaguliwa kwenda chuo cha ualimu mvua zilikuwa zimetupa kisogo, pamba haikutoa kitu, na ng'ombe wa kuuza walikuwa wamekwisha kuuzwa kwa ada ya dada yangu. Baba akauangusha mkwaju, akauchoma mkaa. Sikumbuki ulitoa magunia mangapi, lakini nakumbuka yalilipa ada ya mwaka wa kwanza, godoro, na sanduku la bati. Kwa hiyo mwalimu huyu mnayemwona anawahubiria habari za miti, yeye mwenyewe alisomeshwa kwa mkaa wa mti. Sitaficha jambo hilo, maana wamo humu waliobeba magunia.

Mti ule ulikuwa wa nani? Baba alisema ni wake, na hakuna aliyembishia. Lakini ulipokwisha kuanguka ndipo tulipoanza kuwajua wenyewe. Akina mama wa kaya za jirani walikuwa wakiokota ukwaju pale mwaka wa njaa, wakautia katika uji. Mzee mmoja alikuwa na mizinga miwili ya nyuki katika matawi ya juu. Watoto wa shule walipumzika pale wakirudi nyumbani saa nane, jua likiwa kali. Hao wote hawakuulizwa, kwa sababu hapakuwa na desturi ya kuuliza. Bibi yangu hakusema neno. Alihamisha kigoda chake akakiweka upande wa pili wa nyumba, akawa anakaa kukipa kisiki mgongo, mpaka alipofariki.

Sasa niambieni: kama siku ile ingalikuwapo sheria, na baba akanyimwa kibali, mimi ningekuwa wapi leo? Sijui. Swali hilo ninalo tangu chuoni, na mtu akija kuniambia jambo hili ni jepesi, upande huu au upande ule, ninamwona hajawahi kuuza kitu chake cha mwisho.

Nina kisa cha pili, nacho ni kinyume cha cha kwanza. Mjomba wangu anakaa mjini. Mji wenyewe nauacha. Alikuwa na mwarobaini nyuma ya nyumba, umeoza ndani, umeelemea jiko. Akaenda ofisini kuomba ruhusa ya kuukata, kama raia mwema. Akaambiwa njoo kesho. Kesho akaambiwa mwenye muhuri amesafiri. Akaambiwa aandike barua, akaandika. Akaambiwa barua haionekani, akaandika nyingine. Wiki ya nne mvua ya upepo ikauvunja mti ukaangukia jiko, kwa bahati njema mkewe alikuwa kisimani. Mjomba akachukua shoka akamalizia kipande kilichobaki, na kesho yake ndipo alipofika mtu kutoka ofisini, mara hii bila kuchelewa, kumwuliza kibali kiko wapi.

Baba yangu alikata mti bila kumwuliza mtu, na kijiji kikapoteza. Mjomba aliuliza mara nne, akapoteza jiko akakaribia kupoteza na mke. Mtu anayetaka tutunge sheria aviweke visa hivi viwili mbele yake, kimoja mkono wa kulia na kimoja wa kushoto, ndipo aandike.

Wazee wangu, ninyi mnajua zaidi yangu kwamba watu wa Usukuma hawakuanza jana kuamriwa juu ya miti. Enzi ya Waingereza, miaka ya 1920, kule Shinyanga alikuwako Bwana Swynnerton, mkubwa wa vita ya mbung'o. Alisema, na katika hilo alisema kweli, kwamba mbung'o huishi katika vichaka, na kichaka kikiondoka naye huondoka. Basi watu wakatolewa kwa amri ya watemi, maelfu kwa maelfu, wakafyeka. Mbung'o akarudi nyuma, ng'ombe wakapata nchi mpya, watu nao wakaenda kuijaza. Kisha ikawaje? Vita Kuu ya Pili ikaisha, na mwaka 1947 serikali ile ile ikaleta mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya, ikasema nchi inakuwa jangwa. Zikaja amri: matuta lazima, kupunguza ng'ombe lazima, hiki usilime hapa, kile usikate pale, na faini juu yake. Baba alipigwa faini asipofyeka. Mtoto akapigwa faini kwa kufyeka.

Sisemi kwamba kila amri ilikuwa ya uongo. Matuta yanazuia udongo, hata leo mwanafunzi wa darasa la tano anajua hivyo. Lakini nani aliulizwa? Mtu alilazimishwa jambo la manufaa kwa namna ya kumtukana, akalichukia jambo lenyewe pamoja na aliyelileta. Ndiyo maana amri zile zilikuwa kuni nzuri kwa TANU. Serikali ikakataza TANU Usukuma tangu 1954 mpaka 1958, na watu wakazidi kuitafuta. Baadhi yenu babu zenu walizilaza kadi zao ndani ya vihenge vya mtama.

Na tukishasema la mkoloni tuseme na letu, maana gazeti letu si la kusifu tu. Miaka ya 1970, wakati wa operesheni ya vijiji, watu walihamishwa kutoka kaya zao za zamani wakapangwa pamoja. Kila mmoja aliacha nyuma ngitili yake. Vijana wa siku hizi wengine hawajui ngitili ni nini, basi niwaambie: ni sehemu ya malisho ambayo mwenyewe huifunga mvua zinapoanza, isiguswe, ili ng'ombe waje waikute kiangazi, na majani yakipumzishwa, miti nayo huinuka. Ngitili ziliachwa bila mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe kinajulikana mwisho wake. Ilipofika mwaka 1986, katika mkoa wote wa Shinyanga, ambao ndani yake ilikuwamo Bariadi, Maswa na Meatu, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mkoa mzima!

Mwaka huo huo ndipo ulipoanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Kwanza mabwana miti wakaleta miche ya kigeni katika mifuko ya plastiki, na mingi ikafa. Kisha wakafanya jambo la busara ambalo wataalamu hawalifanyi mara nyingi: wakawauliza wazee. Wazee wakasema ngitili. Kuanzia hapo kaya moja moja zikafunga zake, shule zikafunga zake, vijiji vikafunga vyao. Zilipoingia miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa, Johannesburg.

Nani alilinda hekta hizo? Hakukuwa na askari wa kutosha hata kulinda zizi moja. Zililindwa kwa sheria ndogo za vijiji, na pale sheria iliposhindwa, kwa dagashida na sungusungu. Mtu aliyeingiza ng'ombe katika ngitili ya mwenzake aliitwa mbele ya watu waliomjua toka utoto, akatozwa kitu, akaona haya. Na jambo kubwa zaidi: aliyefunga ngitili alijua kwamba mti ukikua ni wake. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Katika nchi ya Niger, kule kusini mwa Sahara, kwa miaka mingi sheria ilisema mti ni mali ya serikali. Mkulima akiona mche umechipua shambani mwake alijua anachipukiwa na mgeni: akiukuza, bwana miti atakuja kumtoza faini akiukata tawi. Basi aliung'oa ungali mdogo. Sheria ya kulinda miti ikawa ndiyo jembe la kuing'olea. Tangu miaka ya 1980, katika majimbo ya Maradi na Zinder, wakulima wakaanza kuviacha visiki vichipue, wakachagua machipukizi mawili matatu na kuyatunza, na maofisa nao wakaanza kulegeza mkono. Baadaye sheria ikabadilishwa pia. Leo inakadiriwa kwamba kama hekta milioni 5 zimerudiwa na miti, na sehemu kubwa haikupandwa na mtu. Kazi hiyo wenzetu wa Dodoma wanaiita kisiki hai, na kwetu ni jamaa ya ngitili.

Basi, ndugu zangu mnaotaka kila mti uombewe kibali, kumbukeni mkulima wa Niger. Ukiandika kwamba mlonge niliopanda mwenyewe, nikaumwagilia maji ya kichwani kwa mke wangu, siwezi kuukata bila muhuri, mimi sitapanda wa pili. Nitapanda minyara peke yake, nayo nitaogopa ikinenepa.

Na ninyi mnaosema mti ni wangu na ardhi ni yangu, nanyi nisikilizeni. Ardhi ya nchi hii ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Ndivyo zilivyosema Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999. Wewe una haki ya kuimiliki kimila, haki kamili ya kurithisha watoto wako, hakuna wa kukuchezea. Lakini haki hiyo inakaa ndani ya kijiji. Haielei hewani. Tena zipo sheria ambazo zipo tayari, tukipitisha yetu tusipitishe. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inampa Waziri uwezo wa kutangaza aina fulani za miti kuwa miti iliyohifadhiwa. Mti kama mpingo usiuguse kabla ya kuuliza. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Na ukishakata mti wako halali ukataka kusafirisha magogo, mbao au mkaa kwenda Bariadi au Mwanza, utatakiwa kuwa na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Bila hiyo, kizuizini hawatakuuliza mti uliupanda wewe au babu yako. Mambo hayo matatu, mto, mti uliotangazwa, na safari ya mazao, yashikeni, maana watu wetu wengi hukamatwa kwa kutojua.

Ukiwa mjini Bariadi, kumbuka pia kwamba pale pana halmashauri ya mji yenye uwezo wa kutunga sheria zake ndogo. Mwenye kiwanja mjini asiseme nilisikia Zagayu kwamba ruksa. Aende akaulize kwanza.

Kuna anayedhani kibali cha mti ni mateso yaliyobuniwa kwa maskini wa Afrika. Sivyo. Huko Ulaya, ambako ndugu zetu wengine wanaishi, mwenye nyumba yake aliyoinunua kwa fedha yake huomba ruhusa. Mjini Berlin, mti wa majani mapana ukifika mzingo wa shina sentimita 80, ukipimwa kwa kimo cha sentimita 130 kutoka chini, hukati mpaka uruhusiwe. Lakini angalieni: miti ya matunda kwa kawaida haimo. Anayepanda tufaha lake hasumbuliwi. Uingereza nako, mti uliomo katika eneo lililotengwa kwa hifadhi ya mji wa kale, ukiwa shina lake linazidi milimita 75 kwa upana, mwenyewe hutoa taarifa wiki 6 kabla ya kuukata. Wiki 6 zikipita ofisi isiseme neno, anakata. Umenisikia, mzee? Ofisi ikinyamaza, kimya chake ni ruhusa. Na mti uliokufa taarifa yake ni siku 5 tu, na ule wenye hatari ya pale pale unaondolewa kwanza, maelezo baadaye. Mjomba wangu angekuwa Mwingereza, jiko lake lingekuwapo.

Waingereza hawakutuletea sheria ile walipokuwa hapa. Walituletea ile ya faini.

Kwa jirani zetu Kenya, Novemba 2020, walipokuwa wakijenga barabara ya juu mjini Nairobi, palikuwa na mugumo mmoja mkubwa Westlands, pale Waiyaki Way, mti wa kadiri ya miaka 100, nao ulikuwa uondolewe. Watu wakapiga kelele, magazeti yakaandika, na mwisho ikatolewa amri ya Rais kwamba usiguswe. Mti ule ukabaki. Nilifurahi kama wengine. Lakini miti mingine mingi ya barabara ile haikuwa na wa kuipigia kelele, ikaenda. Rais hawezi kutoa amri kwa kila mkwaju wa Zagayu, wala si kazi yake. Hiyo ni kazi yetu, na uwezo tunao. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kupendekeza sheria ndogo, lakini lazima kwanza mkutano mkuu wa kijiji uitishwe, watu waseme. Kisha huenda halmashauri ya wilaya, kwetu sisi Lagangabilili, kuthibitishwa. Mkutano mkuu maana yake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Si wajumbe peke yao, wala si wanaume peke yao. Mwanamke anayetafuta kuni kila siku anajua habari za miti kuliko mimi na Mwenyekiti, naye ndiye huwa tunamwacha jikoni tukienda kupitisha sheria.

Mimi nina mawazo yangu, nayaweka mezani myapige.

Mti ulioupanda mwenyewe, na mti wa matunda, na minyara ya ua: kata, pogoa, fanya utakavyo, usimwombe mtu. Tuandike hivyo kwa maneno meusi, ili mtoto anayepanda mche leo ajue atakapokuwa mtu mzima mti ni wake. Akitaka kuusafirisha, hapo sheria ya nchi inamngoja, nimekwisha kusema.

Mti wa zamani ambao hakuna aliyeupanda, mbuyu, mkwaju, mkuyu, mgunga uliokomaa, huo ndio uombewe, hata ukiwa katikati ya kaya yako. Kwa kipimo gani? Tusiandike "mti mkubwa", maana mti utakuwa mkubwa kwa maskini na mdogo kwa mwenye ng'ombe 200. Tuandike kipimo cha kamba. Mimi nasema shina ambalo mtu mzima akilikumbatia vidole vyake havikutani. Wengine wataleta sentimita, na iwe hivyo. Lakini kiwe kipimo ambacho mwenye mti anaweza kukipima mwenyewe asubuhi kabla hajatoka nyumbani.

Kibali kiombwe kwa kitongoji, si kwa mtu mmoja mwenye muhuri. Mwenyekiti wa kitongoji aende na majirani watatu, mmoja awe mwanamke, wauone mti, wasikilize sababu. Wajibu ndani ya siku 7. Wasipojibu, mtu akate. Najua kifungu hiki hakitapendwa na viongozi, nami ni mmoja wao. Ndiyo maana nakisema mbele yenu nikiwa nimesimama, mnione uso. Mti uliooza, ulioelemea nyumba, uliopigwa na radi: ondoa leo, utaeleza kesho. Na kibali kisilipiwe hata senti moja. Siku tutakayouza kibali, mwenye fedha atakata yote na maskini atakaa kuitazama, na karani atapenda miti ikatwe kuliko aliyeishika shoka. Faini kwa anayevunja sheria, hiyo iwepo, na iandikiwe stakabadhi, nayo isomwe katika mkutano mkuu pamoja na mapato mengine ya kijiji.

Limebaki la baba yangu. Mtu mwenye shida ya kweli, mwenye mgonjwa, mwenye mtoto wa kupeleka chuoni, akija kuomba kibali cha kuangusha mkwaju wa kaya, wale majirani watamjibu nini? Wakimnyima tu, wamemhukumu mtoto. Wakimkubalia kila mara, baada ya miaka 10 tumebaki na vumbi. Nimelifikiri sana. Nasema majirani wakimnyima, basi wasiondoke mikono mitupu: kitongoji kimkopeshe kutoka katika fungu la kijiji, au mbuzi wachangwe kama tunavyochangia msiba, na mti ubaki wa watu wote waliochanga. Kama hawako tayari kuchanga, wasiseme mti ni wa wote. Mzee wa mizinga miwili alisema baada ya miaka mitatu kwamba angemwuzia baba mbuzi wanne kwa mkopo kuliko kupoteza nyuki wale. Lakini alisema baada ya miaka mitatu, maana hakuna aliyemwuliza siku ile.

Wazee wanasimulia kwamba Mwanamalundi akinyosha kidole msituni, miti ilikauka. Huyo hakuomba kibali kwa mtu, na Wajerumani waliomkamata hawakufikiri kumdai. Sisi wengine vidole vyetu havina nguvu hiyo, ila mashoka yetu yanakaribia, na msumeno wa mashine ukifika hapa, nao umekwisha kufika vijiji vya jirani, kazi ya wiki itakuwa ya nusu saa. Kwa hiyo tusingoje mkutano wa mwakani.

Katibu wa tawi ana karatasi ya kuomba mkutano mkuu uitishwe kwa ajili ya jambo hili peke yake. Anayejua kuandika atie jina, asiyejua atie dole. Msitie kwa sababu nimesema mimi. Anayepinga kabisa kibali atie pia, ili apate mahali pa kupingia. Na hapa nimekuja na kamba. Nimeifunga fundo kila sentimita 10. Nitaiacha shuleni, na mwalimu mkuu ameniahidi kwamba watoto wa darasa la sita watapita kaya kwa kaya kupima miti ya zamani na kuiandika katika daftari, mti gani, wapi, unene kiasi gani, na nani wanautumia. Msiwafukuze, wala msiwadanganye unene. Kaya yetu wataanza nayo, wataandika kisiki.

Namwona mzee amenyosha fimbo pale nyuma tangu nilipotaja Waingereza. Ndugu Mwenyekiti, mimi nakaa, apewe nafasi aseme.